Nani Aliketi Kwenye Kiti Kile?

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya wazazi, makocha na wanafunzi wanaotafuta ufadhili wa michezo Marekani

Wazazi, walimu wenzangu, makocha, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alinipigia simu usiku. Mwanawe anakimbia mita elfu tano, na anakimbia kwelikweli. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani ameshamwandikia. Mama akaniambia kuna kijana mjini mwenye Kiingereza kizuri na hesabu nzuri, amejitolea kumfanyia mtoto ule mtihani wa SAT, wa kuingilia vyuo vya Marekani, malipo baadaye. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi huwa wanakamatwa?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia ni kosa. Akasema anajua kuwa ni kosa, yeye anachouliza ni kama wanakamatwa. Nimekuja kumjibu leo mbele yenu nyote, bila kumtaja, na jibu lenyewe ni refu, kwa sababu wapo wanaokamatwa na wapo wasiokamatwa, na tofauti kati yao imeninyima usingizi.

Jina la mtu wa namna hiyo tunalo. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tunamwita mamluki: mtu aliyemaliza shule zamani anavalishwa jezi, anafunga mabao mawili, anarudi zake mtaani. Kila kocha aliyemo humu amewahi kulalamikia mamluki wa shule nyingine. Kwenye mtihani mamluki havai jezi ya mtu, anavaa jina lake. Naye hujulikana kwa dalili moja kabla ya nyingine zote: alama zinapanda ghafla kupita zilivyowahi kupanda.

Niwapeleke Memphis. Msimu wa 2007–08, Chuo Kikuu cha Memphis kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyoshinda mechi 38 na kupoteza mbili tu. Kocha alikuwa John Calipari. Mchezeshaji wao alikuwa Derrick Rose, kijana wa miaka 19 kutoka Englewood, Chicago, mtaa wa watu wenye maisha magumu. Aprili 2008 walifika fainali ya vyuo vyote vya Marekani, pale San Antonio, wakafungwa na Kansas 75 kwa 68 katika muda wa nyongeza. Miezi miwili baadaye Chicago Bulls walimchukua Rose akiwa chaguo la kwanza la nchi nzima. Mwaka 2011 akawa mchezaji bora wa NBA. Hayo ndiyo mnayoyaona kwenye simu zenu.

Upande wa makaratasi mambo yalikuwa hivi. Rose alifanya ACT, mtihani mwingine wa kuingilia vyuo, mara tatu huko Chicago na hakufikisha alama zilizotakiwa. Kisha akafanya SAT, na si Chicago bali Detroit, jimbo jingine kabisa, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Safari hiyo alama zikatosha. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kina kituo chake cha kukagua sifa za wachezaji wapya. Kituo hicho kikampitisha, akavaa jezi, akacheza. Msimu ukiwa unaelekea ukingoni, Educational Testing Service, shirika lililokuwa likiendesha SAT, likaandika barua nyumbani kwao Chicago kumtaka aeleze kuhusu mtihani wa Detroit. Likaandika tena. Halikupata jibu. Mei 2008 likafuta alama zake.

Agosti 2009 NCAA ikatoa uamuzi. Ilisema kwamba kwa kuwa alama zimefutwa, mchezaji hakuwa na sifa tangu siku ya kwanza ya msimu. Ushindi wote 38 ukafutwa kwenye kumbukumbu, fainali ikafutwa, na fedha za mashindano zikatakiwa kurudishwa. Chuo kikajitetea: mlimpitisha wenyewe! Haikusaidia. Kikakata rufaa, kikashindwa. Calipari, ambaye kamati haikumtia hatiani, alikuwa ameshahamia Kentucky. Rose hakushtakiwa mahakamani, wala ripoti haikumwandika kwa jina. Tuhuma iliyosomwa ilikuwa kwamba mtu asiyejulikana ndiye aliyemfanyia mtihani.

Mtu asiyejulikana. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Timu nzima imefutiwa msimu, wako vijana kumi na zaidi pale ambao hawakuhusika na chochote, walikimbia, walitoka jasho, waliumia magoti, na leo ukifungua kitabu cha kumbukumbu ushindi wao haumo. Aliyeketi kwenye kiti hana jina. Sisemi tena habari za Memphis peke yake, nasema habari za kila kesi ya aina hii: kijana wa miaka 17 hapangi mwenyewe kituo cha mtihani cha mji mwingine, halipi ada, hatafuti gari. Kuna watu wazima wanaomzunguka. Siku barua ikifika, inafika kwa jina la kijana.

Nataka mfahamu kwa nini mambo haya yaliwashika zaidi wachezaji. NCAA ilipitisha kanuni mwaka 1983, ikaanza kutumika 1986, wanaiita Proposition 48. Ilisema ili mwanafunzi acheze mwaka wake wa kwanza lazima awe na wastani wa 2.0 kati ya 4 katika masomo 11 ya msingi, pamoja na SAT isiyopungua 700 kati ya 1600, au ACT 15. Nia ilikuwa njema. Vyuo vilikuwa vinachukua vijana wasioweza kusoma sawasawa, vinawatumia miaka minne, vinawaachia mtaani bila shahada. Lakini walioangushwa na kanuni walikuwa kwa wingi vijana weusi wa shule zisizo na walimu wala vitabu. Januari 1989, kanuni nyingine ilipopitishwa ya kuwanyima hata ufadhili wale waliokosa alama, kocha John Thompson wa Georgetown alitoka uwanjani kabla mechi haijaanza kwa kuipinga, akaiacha timu yake na wasaidizi. Mtu yule alikuwa jabali. Uwanja mzima ulimwona akiondoka.

Kanuni zikabadilishwa, zikapelekwa mahakamani, zikabadilishwa tena. Kuanzia 2003 ikatumika ngazi: ukiwa na wastani wa 3.55 ulihitaji SAT 400 tu, na 400 ndiyo alama ya chini kabisa, anaipata hata aliyekosa maswali yote. Ukiwa na wastani wa 2.0 ulihitaji 1010. Hesabu hiyo iangalieni kwa macho ya mzazi. Kijana aliyefundishwa vibaya kwa miaka minne, ambaye wastani wake uko chini kwa sababu hiyo hiyo, ndiye aliyedaiwa alama kubwa zaidi kwenye mtihani wa asubuhi moja. Kipaji kipo, chuo kinamsubiri, familia inamtazama, kizuizi kimoja tu kimebaki. Hapo ndipo mamluki anapobisha hodi.

Wakubwa wa NCAA wameuondoa mtihani huo kwenye sifa za kucheza tangu Januari 2023. Vijana, msishangilie. Chuo chenyewe kinaweza kuudai. MIT waliurudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale na Harvard wakaurudisha pia. Mkimbiaji anayeota vyuo hivyo ataukuta.

Sasa nihamie kwenye upande ambao sisi walimu wakali hatupendi kuusikia: mruko wa alama si ushahidi wa wizi.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa Queens, New York, alifanya SAT mwezi Mei. Akarudia Novemba. Alama zikapanda kwa 410. Shirika la mitihani likashtuka, wataalamu wa miandiko wakalinganisha karatasi zake za siku zile mbili, wakaona mwandiko haufanani, likataka kumfutia. Yule kijana hakunyamaza. Alileta vyeti vya daktari kwamba mwezi Mei alikuwa mgonjwa. Akaleta uthibitisho kwamba katikati ya mitihani miwili alisoma kozi ya maandalizi. Msimamizi wa chumba cha Novemba akaeleza kwamba anamkumbuka, na wanafunzi waliokuwemo wakaeleza kwamba walimwona. Shirika likaendelea kung'ang'ania mwandiko. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, na mwaka 1995 ikaamua kwamba shirika lilivunja mkataba wake na mtahiniwa, kwa sababu lilimwahidi kupokea ushahidi wake, kisha likaupokea bila kuuchunguza kwa moyo safi. Mahakama haikuamuru alama zitolewe. Iliamuru ushahidi wa kijana usomwe.

Kama mwalimu wa hesabu niongeze jambo moja hapa. Mtihani ni kipimo, na kipimo hutikisika. Mtu yule yule, bila kujifunza wala kusahau chochote, anaweza kupanda au kushuka alama kama 30 katika kila sehemu ya SAT kwa sababu ya maswali aliyokutana nayo na usingizi aliolala. Kurudia mtihani na kupanda alama 50 hakumshtui mtu. Kupanda 400 kunashtua, na kunapaswa kushtua, kama vile makocha mtakavyoshtuka kijana wa dakika 15 kwenye mita elfu tano akija wiki ijayo na dakika 13 na nusu. Mtamwuliza. Mtaangalia saa, mtahesabu mizunguko ya uwanja. Hamtamwita mwizi kabla hamjahesabu mizunguko.

Mimi niliita. Nilikuwa nafundisha sekondari, miaka mingi imepita, kulikuwa na kijana wa kuruka chini, mrefu, mpole, hesabu zake zilikuwa zinakufa: 22, 19, 24. Baada ya likizo ya Desemba akapata 71. Nikamsimamisha mbele ya darasa nikamwuliza alimpigia nani chabo. Hakujibu. Akaketi, na tangu siku hiyo hakuninyooshea mkono tena darasani. Baada ya siku nne bibi yake alikuja shuleni na mfuko wa rambo umejaa karatasi. Binamu yake, aliyekuwa chuo cha ualimu, alikuwa amekaa naye likizo nzima, kila jioni, wakitumia migongo ya kalenda za zamani na stakabadhi za duka. Milinganyo, maumbo, logi, mamia ya maswali, na tarehe zimeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Bibi hakunilaumu. Aliweka ule mfuko juu ya meza, akasema, "Mwalimu, tumeona utuhesabie." Nilikaa nazo mpaka giza. Kesho yake nilimwomba kijana radhi mbele ya darasa lile lile, na sijui kama ilitosha.

Kwa hiyo mnaponisikia nikisema habari za udanganyifu, mjue nimesimama pia upande wa aliyesingiziwa.

Mama yangu wa simu, sasa nakuja kwako. Ulisema, "Mbona watoto wa matajiri wanafanya na hawakamatwi?" Hukukosea sana. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Boston walitangaza kesi kubwa kuliko zote za aina hii. Mtu wa katikati alikuwa William Singer, mshauri wa wazazi huko California. Alikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni mtihani: mzazi analipa, kwa kawaida kati ya dola 15,000 na 75,000, mtoto anapata alama. Mlango wa pili ni michezo: kocha anapewa hongo, mtoto ambaye hajawahi kuushika mchezo anaandikwa kuwa mchezaji aliyesajiliwa. Wazazi wawili maarufu, Lori Loughlin na mumewe, walilipa dola 500,000 binti zao waingie Chuo Kikuu cha Southern California kama wapiga makasia. Mabinti walipigwa picha wakiwa kwenye mashine ya mazoezi.

Hapo nilisimama kusoma. Sisi tuna vijana wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia barabarani kwenye baridi ya Mbulu, wanaomba nafasi moja. Nafasi hiyo moja, huko iliuzwa kwa mtu asiyejua kasia.

Fundi wa mitihani wa Singer alikuwa Mark Riddell, aliyesoma Harvard na kucheza tenisi hapo, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaandaa vijana kwa mitihani kwenye chuo cha michezo cha IMG, Florida. Majibu hakuyaiba, hakuwa na pepa iliyovuja. Alikuwa na akili tu. Angeweza kulenga alama karibu vile anavyotaka. Ndiyo maana mruko haukupiga kelele: ulipimwa. Njia yao ilikuwa hivi: mzazi anatafuta cheti cha mtaalamu kwamba mtoto ana tatizo la kujifunza, mtoto anapewa muda mara mbili, anafanya mtihani peke yake kwa siku mbili kwenye kituo ambacho msimamizi wake ameshahongwa, Los Angeles au Houston. Mtoto akimaliza, Riddell anabadilisha majibu aliyokosea. Kuna mama mmoja aliyetuma sampuli ya mwandiko wa mwanawe. Mtoto alifanya mtihani wa kuigiza nyumbani California, na Riddell akaufanya wa kweli Houston, chumbani hotelini. Wale watoto wenye tatizo la kweli, wanaohitaji ule muda wa ziada, sasa wanatazamwa kwa jicho la shaka. Hilo linaniuma karibu sawa na lile la nafasi.

Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000. Binti yake, ambaye waendesha mashtaka walisema hakujua kinachoendelea, alipata 1420, karibu alama 400 juu ya mtihani wake wa majaribio. Alama mia nne! Ni karibu sawa na zile za kijana wa Queens. Kengele haikulia. Kesi nzima haikufumuliwa na mtu wa mitihani. Ilifumuliwa kwa sababu mtuhumiwa wa kesi nyingine kabisa, ya udanganyifu wa hisa, aliwaambia wapelelezi kwamba kocha wa soka ya wanawake wa Yale alimwomba hongo. Wakamfuata kocha, kocha akawapeleka kwa Singer.

Huffman alihukumiwa kifungo cha siku 14. Riddell miezi minne. Kocha wa tenisi wa Georgetown miaka miwili na nusu. Singer mwenyewe, Januari 2023, miaka mitatu na nusu.

Mama, jibu lako basi. Ndiyo, kuna wanaopita. Wanaopita wana mtu wa kupima mruko, wana msimamizi, wana cheti, wana wakili, na hata wao mwishowe wengine walilala jela. Wewe una kijana wa mjini na malipo baadaye. Mwanao atafika Marekani na alama 1200, atawekwa darasa la watu wa 1200, na mwezi wa pili profesa atamrudishia insha. Kocha atafungua faili. Na SAT ya sasa inafanywa kwenye kompyuta, picha yako ipo tangu siku ya kujisajili, kwa sababu mwaka 2011 kulizuka kashfa Long Island ya vijana kuwafanyia wenzao mtihani kwa malipo, na picha ikawekwa mwaka uliofuata. Alama zikifutwa, kinachofuata ni ufadhili, na ufadhili ukifutwa, kinachofuata ni viza. Hapo utakuwa umemtafutia mkimbiaji wako tiketi ya kurudi nyumbani, na jina ambalo kocha mwingine hataligusa.

Njia nyingine ipo, nayo si ya kuombea. Suleiman Nyambui aliondoka nchi hii akaenda chuo cha El Paso, Texas, akatwaa mataji ya vyuo mpaka wakachoka kuhesabu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alifika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Majirani zetu Kenya, tangu 2004, wana mpango wa KenSAP ulioanzishwa na Mike Boit, yule wa shaba ya mita 800 Munich 1972, pamoja na mwandishi wa Kimarekani John Manners. Vijana wa Bonde la Ufa wenye ufaulu mkubwa walikaa Iten, wakakimbia, wakasoma SAT kwa utaratibu, na wengi wakaingia vyuo vikubwa kabisa. Alama zao zilipanda pia, kwa kuwa mara ya kwanza mtihani wenyewe ulikuwa mgeni kwao. Tofauti ni kwamba kila hatua ya kupanda ilikuwa na mwalimu aliyeiona.

Nawaomba muanze wiki hii. Kijana afanye mtihani wa majaribio, saa ikiwa imewashwa, na karatasi isahihishwe na mtu mwingine. Andikeni tarehe. Iwekeni. Baada ya wiki tatu fanyeni mwingine, uwekeni juu ya ule wa kwanza. Kama alikuwa na malaria siku ya mtihani, chukueni cheti hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya mwaka. Makocha, msichague kituo cha mtihani mji wa mbali kwa sababu ambayo hamwezi kuisema kwa sauti. Na barua pepe ya kujisajili iwe ya kijana mwenyewe, siyo ya wakala, kwa sababu barua ya shirika la mitihani huwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, na nimeona vijana wawili waliokosa kujibu kwa kuwa nywila alikuwa nayo mtu mwingine.

Barua ya namna hiyo ikija, msiichane, msimkabidhi wakala. Nileteeni pamoja na lile rundo la karatasi, tutakaa tuzihesabu moja moja.